Kiambishi -ni na Vihusishi vya Kiingereza

Katika Kiswahili, kiambishi *-ni* hakionyeshi uelekeo. Kazi hiyo hufanywa na kitenzi. Neno *sokoni* halibadiliki katika "yuko sokoni", "ameenda sokoni" na "ametoka sokoni". Kiingereza huhitaji vihusishi vitatu: *at*, *to* na *from*. Kwa hiyo mwanafunzi aliyekaririshwa kuwa *in* ni "katika" hupotoshwa mapema, na makosa yake huhesabiwa kuwa uzembe. Vivyo hivyo, "alifika Jumatatu saa mbili" haina kihusishi hata kimoja, ilhali Kiingereza hudai *on* kwa siku na *at* kwa saa. Kauli ya kutendea ni ngumu zaidi: *-i-* ya "alimpikia" huwa *for*, *-li-* ya "alimkimbilia" huwa *to*, na *-i-* ya "kisu cha kukatia nyama" huwa *with*.