Ngoma Mbili za Doha

Kila tarehe 18 Desemba Qatar huadhimisha siku aliyoshika uongozi Sheikh Jassim bin Mohammed Al Thani, mwaka 1878. Ndipo Doha huchezwa ngoma ya ardha. Wanaume hujipanga safu mbili zinazotazamana, bega kwa bega, panga mkononi. Mshairi hutoa ubeti, safu moja huupokea na nyingine huujibu, na wapigaji hupita katikati na ngoma ambazo ngozi zake zimeoteshwa moto kwanza ili zikaze. Zamani ardha ilitangulia safari ya vita.

Kazi yake ilikuwa kuondoa woga. Aliye peke yake hutetemeka. Aliyeunga sauti na wenzake hupata moyo. Wakelti wa kale nao walilijua hilo. Mwanahistoria Polybius anaeleza jinsi Warumi walivyotishwa na kishindo cha pembe na tarumbeta za Wakelti kwenye mapigano ya Telamon, Italia, mwaka 225 KK. Carnyx, baragumu lao la vita, lilisimama wima juu ya vichwa vya wapiganaji, na mdomo wake ulikuwa kichwa cha mnyama. Hata mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, huko Loos, Ufaransa, Mskoti Daniel Laidlaw alipanda ukingo wa handaki akapuliza zumari la mfuko huku gesi ya sumu imetanda, na wenzake waliokuwa wameingiwa na hofu wakasonga mbele. Alitunukiwa nishani ya ushujaa ya Msalaba wa Victoria.

Lakini Ghuba ina ngoma nyingine, ya waliotekwa. Liwa ilifika huko na watu wa Afrika Mashariki, wengi wao wakiwa watumwa. Zumari huongoza, msondo na chapuo hufuata, wachezaji huzunguka, na nyimbo zake zimehifadhi maneno ya Kiswahili. Qatar ilipiga marufuku utumwa mwaka 1952, na tangu 2015 makumbusho ya Nyumba ya Bin Jelmood, mtaani Msheireb, yanaieleza historia hiyo waziwazi.

Ardha inamkumbuka aliyekwenda vitani akijua atarudi kwao au atakufa kwa heshima. Liwa inamkumbuka aliyeng'olewa kwao bila kuulizwa. Taifa linalotaka kujijua linazihitaji zote mbili. Nasi Waswahili tunaoishi Doha tusiishie kupiga picha za panga barabarani. Tuwatafute wazee wa liwa, tuwasikilize, tuandike wanayoyakumbuka wakiwa bado hai.