Je, Wajua Asili ya Dracula?

Katika kiangazi cha mwaka 1890 alifika Whitby, bandari ndogo ya wavuvi iliyo kaskazini mashariki mwa Uingereza, bwana mmoja wa makamo, mzaliwa wa Dublin, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kusimamia shughuli na hesabu za jumba la michezo la Lyceum mjini London, na ambaye uandishi kwake ulikuwa kazi ya saa za faragha. Jina lake Bram Stoker. Pamoja na kupunga upepo wa bahari, aliingia maktaba ya mji ule akaazima kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1820, cha William Wilkinson, aliyepata kuwa balozi mdogo wa Uingereza mjini Bucharest, kinachoeleza habari za Wallachia na Moldavia, nchi ambazo leo kwa sehemu kubwa zimo ndani ya Romania. Stoker alikuwa amekwisha kuanza, tangu Machi mwaka ule, kuandika muhtasari wa hekaya ya mfu anyonyaye damu za walio hai, na mfu huyo alimwita Count Wampyr, makazi yake Styria katika milki ya Austria. Ndani ya kitabu cha Wilkinson akakuta habari fupi za mtawala mmoja aitwaye Dracula, aliyevuka mto Danube kupigana na Waturuki, na chini ya ukurasa maelezo ya kwamba jina hilo kwa lugha ya Wallachia ni shetani, na kwamba watu wa huko humwita hivyo kila awazidiye wenziwe kwa ushujaa, kwa ukatili au kwa werevu. Akayanakili maneno hayo, akaliacha jina la Wampyr. Na riwaya ilipotoka mwezi wa Mei mwaka 1897, Dracula ndilo jina lililopamba jalada lake.

Whitby ilimpa zaidi ya jina. Huko alipata habari za merikebu ya Kirusi, Dmitry, iliyotoka bandari ya Narva ikatupwa ufukoni na tufani mwezi wa Oktoba mwaka 1885, shehena yake mchanga mweupe. Stoker alizichukua habari hizo akazigeuza kidogo: Dmitry ikawa Demeter, Narva ikawa Varna, herufi zile zile kwa mpango mwingine, mchanga ukabaki mchanga, ila pamoja nao akapakia masanduku ya udongo, na ndani ya sanduku moja akamlaza mwinyi wake. Ndivyo alivyofanya kazi mtungaji huyu kwa muda wa miaka saba, akiokota la huku na la kule, mara kwa mabaharia, mara kwa vitabu, mara kwa makala ya Emily Gerard, bibi aliyekaa Transylvania na kuandika itikadi za wenyeji wake. Ama Stoker mwenyewe hakupata kutia mguu Transylvania maisha yake yote.

Lakini mfu anyonyaye damu alikuwa na umri mkubwa kuliko riwaya, na habari zake zilizo wazi kuliko zote zimo katika taarifa za kiserikali. Kwa mkataba wa mwaka 1718 dola ya Austria ilitwaa Serbia ya kaskazini kutoka kwa Waturuki wa Kiothmani, na maofisa wake, waliozoea daftari na mihuri, wakakuta wanavijiji wa mpakani wakifukua makaburi na kuchoma maiti. Wakaandika waliyoyaona. Mwaka 1725 katika kijiji cha Kisiljevo watu 9 walifariki kwa muda wa siku 8, na lawama ikamwangukia marehemu Petar Blagojević. Kisha ikaja habari ya Medveđa, ambayo ndiyo iliyotikisa Ulaya.

Katika kijiji hicho alikaa askari aitwaye Arnold Paole, ambaye enzi za uhai wake alikuwa akisimulia kwamba aliwahi kusumbuliwa na mfu huko upande wa Waturuki, akajitibu kwa kula udongo wa kaburi la mfu yule na kujipaka damu yake. Siku moja alianguka kutoka juu ya gari la majani makavu, akavunjika shingo, akazikwa. Haukupita mwezi ila watu walianza kulalamika kwamba Paole huwajia, na wanne wakafa. Siku ya 40 wakamfukua, wakamkuta hajaoza, damu ikimtoka machoni, puani na kinywani, kucha na ngozi ya zamani zimebanduka na mpya zimeota mahali pake; wakampigilia kigingi moyoni, naye, kwa ushuhuda wao, akatoa mguno. Wakamchoma moto. Yapata miaka 5 baadaye vifo vikarudi, watu 17 katika miezi 3, na Januari mwaka 1732 akapelekwa tabibu wa jeshi, Johann Flückinger, kuchunguza. Alifukua kaburi moja baada ya moja, akapasua vifua, akaandika hali ya mapafu, ya ini na ya tumbo. Bikizee mmoja wa miaka 60, ambaye majirani waliapa kwamba maisha yake yote alikuwa kimbaombao, alikutwa amenenepa. Naye tabibu akaandika, akatia sahihi yeye na wenziwe, na taarifa yao ikatafsiriwa na kusomwa Vienna, Paris na London.

Msomaji wa pwani yetu asimchanganye kiumbe huyu na mumiani: mumiani wa hekaya zetu ni mtu aliye hai, mwenye ujira na vyombo vya kutolea damu, ilhali huyu wa Serbia ni maiti, na jirani, na aghalabu ni jamaa wa wale anaowaua.

Sasa elimu ya maiti yasemaje? Kila alichokiona Flückinger kilikuwa kweli, na kila walichokifahamu wanavijiji kilikuwa kosa. Mwili ukizikwa, vijidudu vya matumboni huendelea na kazi na kutoa hewa, na hewa hiyo hulivimbisha tumbo na kifua hata mtu mwembamba akaonekana kanona. Ndiyo siri ya yule bikizee. Hewa hiyo hiyo ikisukuma mapafu, maji meusi mekundu hupanda na kutoka kinywani na puani, na asiyejua huapa kwamba maiti amekunywa damu jana usiku. Ngozi ya juu hubanduka na kucha zikang'oka, na utando ulio chini yake, mwekundu na laini, huonekana kama ngozi ya kuzaliwa upya. Kigingi kikishindiliwa kifuani, hewa hupita kooni kwa nguvu, na koo hutoa sauti. Tena kilikuwa kipindi cha baridi kali, na katika ardhi yenye baridi maiti hukawia kuoza, wala hawaozi wote kwa mwendo mmoja. Ama vile vifo vya kufuatana katika nyumba moja, hayo ni maradhi ya kuambukiza: anayemuuguza mgonjwa ndiye wa pili kuugua. Itikadi hii iliwaingia hata wakulima wa Rhode Island, Marekani, ambako mwaka 1892, kwa ajili ya kifua kikuu, binti mmoja alifukuliwa na moyo wake ukachomwa. Na kipande cha gazeti la mwaka 1896 kuhusu mambo ya namna hiyo kimo hadi leo katika karatasi za Stoker, zilizohifadhiwa Philadelphia.

Malkia Maria Theresa wa Austria ndiye aliyelifunga jambo. Mwaka 1755 alimwamuru tabibu wake, Gerard van Swieten, alitazame. Van Swieten akajibu kwamba ni ujinga na hofu, na malkia akapiga marufuku kufukua makaburi na kuwadhalilisha maiti. Naona amri hii yastahili kukumbukwa kuliko inavyokumbukwa, maana iliwapa marehemu heshima yao na ndugu zao utulivu.

Basi mfu yule alitokaje shambani akaingia kasri? Kwa mikono ya waandishi. John Polidori, tabibu wa mshairi Byron, alichapisha mwaka 1819 hadithi ambayo ndani yake mnyonya damu ni lodi wa Kiingereza mwenye adabu na uso mweupe. Mwaka 1872 Sheridan Le Fanu, naye wa Dublin, akamfanya binti mrembo katika kasri la Styria, na yaelekea hapo ndipo Stoker alipoipata Styria yake ya kwanza. Senema ikaongeza yake. Dracula wa riwaya hutembea London mchana. Kufa kwa mwanga wa jua kulibuniwa na filamu ya Kijerumani, Nosferatu, ya mwaka 1922, ambayo mjane wa Stoker aliishitaki kwa wizi wa kazi ya mumewe hata mahakama ikaamuru nakala zake ziharibiwe, na baadhi zikasalimika.

Amebaki mwenye jina. Vlad wa Tatu, aliyezaliwa yapata mwaka 1431, aliitwa Dracula kwa sababu baba yake, mwanachama wa jamii ya mashujaa wa Joka, aliitwa Dracul. Utotoni alikaa kwa Waturuki kama amana ya utii wa baba yake, pamoja na nduguye Radu. Akatawala Wallachia mara tatu, akawaua adui zake kwa kuwatundika juu ya miti iliyochongwa. Mwezi wa Februari mwaka 1462 alimwandikia mfalme wa Hungaria, Matthias Corvinus, akijisifu kuwa ameua watu 23,884 kwa hesabu. Na mwaka huo huo alivamia usiku kambi ya Sultani Mehmed wa Pili, yule aliyeiteka Constantinople. Baadaye Matthias mwenyewe akamtia kifungoni, na vijitabu vya Kijerumani vikaeneza habari zake za kutisha. Stoker hakuyaandika mambo haya katika karatasi zake, wala jina la Vlad halimo. Kitabu cha Raymond McNally na Radu Florescu, cha mwaka 1972, ndicho kilichowafanya walimwengu waamini kwamba Vlad na Dracula wa riwaya ni mmoja, na tangu hapo wageni humiminika kwenye kasri la Bran kutafuta nyumba ya mtu ambaye hakuwa mwenyeji wake. Vlad alimwaga damu nyingi, na mahasimu wake waliziandika dhambi zake bila ya kumwonea haya. Ya kufufuka kaburini na kunyonya damu haimo hata katika maandiko yao, na kumbandika leo ni kumzulia.