Mahindi ya asili ni yapi?

Kila yanapotajwa mahindi yaliyobadilishwa vinasaba, hakosekani wa kusema: "Tuachieni mahindi yetu ya asili." Wiki hii nauliza: asili ipi?

Babu wa mahindi ni nyasi ya porini iitwayo teosinte, ambayo hata leo inaota Mexico. Suke lake lina punje 5 hadi 12 tu, kila moja imefungwa ndani ya ganda gumu, na zikikomaa hupukutika zenyewe. Yapata miaka 9,000 iliyopita wakulima wa bonde la mto Balsas walianza kuchagua mbegu: punje isiyofichwa na ganda, suke lisilopukutika. Wakapanda, wakachagua tena, kizazi baada ya kizazi. Matokeo yake ni gunzi lililoshika mamia ya punje, nalo haliwezi kujipanda. Bila mkono wa mtu, mahindi yangetoweka.

Sasa tumtazame bakteria wa udongoni, Bacillus thuringiensis. Huyu hana undugu wa karibu na mahindi. Hutengeneza protini inayoharibu utumbo wa baadhi ya viwavi. Wataalamu walichukua kinasaba cha protini hiyo wakakipandikiza ndani ya mahindi, na mwaka 1996 wakulima wa Marekani wakaanza kuyapanda. Funza akitafuna bua, hufa.

Hapo ndipo ilipo tofauti. Nyasi ilijitoa nzima, polepole, mikononi mwa wakulima tusiowajua majina, na mbegu ikabaki ghalani mwao. Bakteria alitoa kinasaba kimoja, kwa haraka, maabara, na mbegu zikaingia sokoni zikiwa na hatimiliki za makampuni.

Wala wadudu hawakulala. Huko Afrika Kusini, mwaka 2007 iliripotiwa kwamba funza wa mabua walikuwa wameanza kuizoea sumu hiyo.

Jirani zetu na sisi wenyewe tunabishana bado. Kenya ilipiga marufuku kuingiza vyakula vya aina hii mwaka 2012, serikali ikaiondoa marufuku hiyo mwaka 2022, na shauri likafika mahakamani.

Kwa maoni yangu, neno "asili" halitatusaidia kuamua, kwa kuwa mahindi yote ni kazi ya mtu. Tuulize yenye uzito: mbegu hii ni ya nani? Mkulima ataruhusiwa kuiweka kwa msimu ujao? Na funza wakiizoea, gharama atabeba nani? Anayetuuzia mbegu atujibu hayo kwanza.