Chai ya viungo: unanunua jani au unanunua harufu?

Bila shaka nawe umewahi kusimama mbele ya rafu ya majani chai dukani ukashindwa uchukue lipi na uache lipi. Zamani mambo yalikuwa rahisi. Uliitisha pakiti ya majani, ukapewa, ukaenda zako. Siku hizi kuna chai ya tangawizi, ya mdalasini, ya masala, ya limau, ya vanila, na hata ya matunda ambayo hayajawahi kuota kijijini kwenu. Kila pakiti ina picha ya kutamanisha na kila moja inadai kuwa bora kuliko jirani yake. Bei nazo ni za kukuna kichwa.

Je, utajuaje ipi inastahili pesa zako? Jibu ni kwamba unaweza kuzipima mwenyewe, mezani pako, kwa vikombe na saa ya ukutani. Huhitaji cheti wala mashine. Juzi nilishuhudia jambo hilo likifanywa Mosocho, kilomita chache kutoka mji wa Kisii, na niliyojifunza huko yamebadilisha namna ninavyonunua chai.

Mwenyeji wetu alikuwa mwalimu mwenye watoto wawili: mvulana wa shule ya upili na dada yake mdogo wa darasa la sita. Mamake mwalimu huyo alikuwa amewatembelea kutoka upande wa Kebirigo, Nyamira, ambako amechuma majani chai kwa zaidi ya miaka 30. Wajukuu humwita magokoro, yaani nyanya kwa Kikisii. Ndiye aliyetufunza mengi alasiri ile, ingawa alianza kwa kucheka.

"Mwanangu," akaniambia, "chai bila maziwa mimi nimeinywa matangani na mwisho wa mwezi. Leo mnaniwekea vikombe sita vya turungi mezani kama dawa?"

Maneno yake yalinipa kuwaza. Kisii na Nyamira ni nchi ya chai. Huko kuna viwanda vya wakulima wadogo kama Kebirigo, Nyankoba, Sanganyi, Tombe, Kiamokama, Nyamache na Ogembo. Majani yakishasagwa na kukaushwa, sehemu kubwa husafirishwa hadi kwenye mnada wa Mombasa, na zaidi ya asilimia 90 ya chai ya Kenya hunywewa ng'ambo. Mkulima huijua chai shambani na kwenye mizani. Kuionja ikiwa peke yake, bila maziwa na sukari, ni jambo la nadra. Kinyozi hajinyoi.

Namna ya kupima

Waonjaji wa chai katika biashara hii hufuata utaratibu ambao hata shirika la viwango vya kimataifa, ISO, liliuandika mwaka wa 1980. Gramu 2 za majani hutiwa katika kila mililita 100 za maji yanayochemka, chombo kikafunikwa, na kuachwa kwa dakika 6. Kipimo hicho hakikuwekwa ili upate chai tamu. Kiliwekwa ili kila chai ipikwe sawa na nyingine, ndipo kasoro zionekane.

Nyumbani unaweza kufanya hivi. Kwanza, ficha majina. Mtu mmoja, ambaye hataonja, ayamwage majani katika vikombe na kuandika nambari chini ya kila kikombe. Mosocho kazi hiyo alipewa binti wa darasa la sita, naye aliilinda siri kama askari wa benki. Ukiiona pakiti, macho yataonja kabla ya ulimi.

Pili, kipimo kiwe kimoja. Kifuko kimoja cha chai kwa kawaida hubeba gramu 2 hivi, kwa hivyo kikate, ukimwage katika kikombe kidogo cha mililita 100. Kwa majani ya pakiti, tumia kijiko kimoja cha chai kisichojaa sana. Mimina maji yanayotokota, si ya chupa ya chai yaliyolala tangu asubuhi. Funika kwa kisahani, hesabu dakika 6, kisha chuja.

Tatu, usitie maziwa wala sukari. Maziwa hufunika ukali wa majani, na sukari hufunika karibu kila kitu.

Nne, na hili ndilo watu wengi hulisahau, weka miongoni mwa vikombe hivyo chai moja ya kawaida isiyotiwa kiungo chochote. Hiyo ndiyo mizani yako.

Kisha tazama rangi, nusa, na uvute chai kinywani kwa kelele. Ndiyo, kwa kelele! Waonjaji hufanya hivyo ili chai itawanyike kinywani na mvuke wake ufike puani, halafu wakaitema. Watoto walifurahi kupita kiasi kuruhusiwa kunywa kwa namna ambayo siku nyingine ingewaletea makofi.

Vikombe sita

Mvulana alishika daftari na kalamu. Kila mtu alitoa alama kati ya 10, kimya kimya, bila kumtazama mwenzake.

Kikombe cha kwanza kilikuwa chai ya kawaida. Rangi yake ilikuwa nyekundu yenye kung'aa, na ilikausha ulimi kidogo halafu ikaacha kinywa kikiwa safi. Ilipata 7.

Cha pili, tangawizi. Harufu haikuwa kubwa, lakini ilipofika kooni ilijitambulisha. Majani yalisikika chini yake vizuri. Ilipata 8.

Cha tatu, masala. Karafuu zilikuwa zimewashinda wenzake wote. Iliki tuliitafuta bila kuipata. Ilipata 6, na mwalimu akasema kuwa kwa maziwa huenda ingepanda.

Cha nne, mdalasini. Kilikuwa kitamu na kipole, ila kilikuwa chepesi mno, kama chai iliyopikwa mara ya pili. Kilipata 5.

Cha tano, limau. Binti alinusa akasema, "Peremende!" Hatukupata uchachu wowote ulimini, ila ile harufu tu. Kilipata 4.

Cha sita, vanila. Hapo nyumba nzima ilipiga kelele. Harufu ilijaa chumba kama keki inayotolewa jikoni. Mvulana aliandika 9 kabla hata hajaonja. Mimi nami, nakiri, niliandika 8.

Nyanya alikuwa amefanya jambo ambalo sisi hatukulifikiria. Alikuwa akiyamwaga makapi ya kila kikombe juu ya kisahani cheupe na kuyatazama karibu na dirisha. Makapi ya kikombe cha kwanza na cha pili yalikuwa na rangi ya shaba, yenye kung'aa. Ya kikombe cha sita yalikuwa meusi yaliyofifia, kama majani yaliyokaa chini ya mvua.

"Hii imepakwa manukato kama bibi arusi," akasema, "lakini jani lenyewe lilikuwa limechoka. Ukishindilia majani mabichi ndani ya gunia, yanashika joto na kuungua kabla ya kufika kiwandani. Mimi nikipeleka ya namna hiyo kituoni, karani ananirudisha nayo nyumbani."

Mvulana hakukubali. "Lakini nyanya, ni tamu!"

"Mjukuu wangu, ni tamu wapi? Kinywani au puani?"

Bana pua

Hapo nikakumbuka jaribio dogo ambalo nawe msomaji unaweza kulifanya leo hii. Bana pua kwa vidole viwili, piga funda moja la chai ya vanila, na usiachilie. Kila mmoja wetu alijaribu. Vanila ilitoweka kabisa! Iliyobaki kinywani ilikuwa chai nyepesi yenye uchungu usiopendeza. Tukaachilia pua, na keki ikarudi.

Tukarudia na tangawizi. Harufu yake ilipungua, lakini ukali ulibaki pale pale kwenye ulimi na koo. Tukarudia na chai ya kawaida. Ilibaki chai.

Sababu yake ni hii. Ulimi peke yake hutambua utamu, uchungu, uchachu, chumvi na ladha ya mchuzi. Mengi tunayoyaita ladha hufika kwa njia ya pua. Kwa hivyo aliye na chupa ya manukato mazuri anaweza kuidanganya pua kwa gharama ndogo. Kuudanganya ulimi ni vigumu zaidi, na jani hukaa ulimini.

Mvulana alifuta 9 yake, akaandika 3. Nami nikafuta yangu.

Soma lebo, piga hesabu

Binti alipofichua pakiti, tuligundua kuwa ile ya vanila ndiyo iliyokuwa ghali kuliko zote. Sitaitaja jina, kwa sababu pakiti moja haitoshi kumhukumu mtu. Lakini hesabu yake tuliifanya palepale mezani. Sanduku la vifuko 25 vya gramu 2 lina gramu 50 tu. Likiuzwa bei moja na pakiti ya gramu 250 ya majani ya kawaida, basi kwa kila gramu umelipa mara tano. Ukiwa mwanafunzi unayejitegemea chumbani, hizo ni pesa za mboga za siku kadhaa.

Tazama pia orodha ya vilivyomo. Ukiona tangawizi au mdalasini imetajwa yenyewe, umenunua kiungo. Ukiona limetajwa neno ladha peke yake, yaelekea umenunua matone ya harufu. Si lazima yawe mabaya. Wachina wamekuwa wakinukisha chai kwa maua ya asmini kwa karne nyingi, na ile chai ya Waingereza iitwayo Earl Grey hutiwa mafuta ya ganda la tunda la bergamoti. Wenzetu wa pwani nao hawaandai chai ya mgeni bila iliki au tangawizi. Kiungo ni nguo nzuri. Swali ni nani aliyeivaa.

Tengeneza yako

Baada ya hesabu hiyo, mwalimu aliingia jikoni na kutuandalia ya kwake. Alichukua majani ya pakiti ya kawaida, tangawizi ya sokoni na mchaichai uliokuwa umeota nyuma ya nyumba. Haya ndiyo aliyotueleza.

Tangawizi mbichi na mdalasini vitie katika maji mapema, vichemke dakika 10 hivi. Usiitie tangawizi mbichi katika maziwa yasiyochemka, maana ina kimeng'enya kinachoweza kuyagandisha. Iliki ipondwe na kutiwa mwishoni, kwa sababu harufu yake huruka na mvuke. Mchaichai ukate vipande, ufunike dakika 5. Ukitaka limau, kwaruza ganda lake la juu, kisha kamua matone machache kikombeni. Utaiona chai ikibadilika rangi na kuwa nyepesi mbele ya macho yako. Limau na maziwa havipatani, kwa hivyo chagua kimoja.

Kikombe hicho tulikipa 9, na safari hii hakuna aliyefuta.

Nikumbushe jambo moja la afya. Chai, yenye viungo au isiyo na viungo, huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika mboga na nafaka. Mama mjamzito na watoto wanaohitaji damu wasinywe chai pamoja na ugali na chinsaga. Wangoje saa moja hivi baada ya kula. Na zile zinazouzwa kwa jina la chai ya kupunguza unene, baadhi yake hutiwa majani ya sena, ambayo ni dawa ya kuharisha.

Kwa nini ujisumbue?

Huenda unajiuliza, msomaji, kuna haja gani ya kelele hizi zote kwa ajili ya kikombe cha chai? Nami nilimuuliza nyanya swali hilo tulipokuwa tukiosha vikombe.

Alinionyesha vidole vyake, vyeusi kwa utomvu wa miaka. Akasema kuwa yeye huchuma majani mawili na chipukizi, na kwamba kuchuma hivyo ni polepole. Anayekwangua majani yaliyokomaa hujaza kikapu haraka zaidi. Mnadani jani bora hulipwa vizuri na jani hafifu hutupiwa bei, na bei hiyo ndiyo hurudi kwa mkulima mwisho wa mwaka kama bonasi. Mwaka wa 2025 wakulima wa Kisii, Nyamira, Kericho na Bomet walilalamika kwa uchungu kuwa bonasi yao ilikuwa ndogo mno ikilinganishwa na ya wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa.

"Ikiwa nyinyi watu wa mjini hamjui tofauti," akaniuliza, "mimi navunjia mgongo nini?"

Sikuwa na jibu. Ninachojua ni kwamba kila tunaponunua harufu na kuliacha jani, tunamwambia mwuzaji kuwa jani halina maana. Na tukijifunza kuonja, tunamwambia kinyume chake.

Basi Jumapili hii, ukitoka kanisani au matembezini, weka sufuria jikoni. Waite watoto, ficha pakiti, gawa kalamu. Anza na chai isiyo na kitu. Ukishaijua hiyo, nyingine zote hazitakudanganya.

Na usisahau kubana pua.