Sikio Ndilo Mwalimu wa Ulimi

Katika madarasa ya sekondari ya Musoma, Bunda na Butiama, mwanafunzi akisoma "right" mahali palipoandikwa "light", wenzake huweza kuangua kicheko. Aliyechekwa hunyamaza, na pengine asinyoshe tena mkono hadi mwisho wa muhula. Hasara hiyo si ndogo, kwa kuwa masomo karibu yote ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Yafaa basi tuchunguze chanzo cha kosa lenyewe.

Chanzo si uvivu wa ulimi. Kikuria na Kizanaki, kwa mfano, havitumii tofauti ya l na r kubainisha maana za maneno. Mwaka 1984 wataalamu wa Kanada, Janet Werker na Richard Tees, walionyesha kwamba mtoto wa miezi sita hupambanua hata sauti za lugha asiyoisikia nyumbani. Akikaribia mwaka mmoja, uwezo huo hufifia. Sikio hubaki na tofauti zenye kazi katika lugha ya kwao, na ulimi hulifuata.

Je, sikio la kijana laweza kufunzwa upya? Laweza. Nchini Marekani, mwaka 1991, Logan, Lively na Pisoni waliwafunza Wajapani, ambao lugha yao pia haipambanui l na r. Walisikilizishwa maneno ya jozi yaliyotamkwa na watu mbalimbali, wakachagua walilosikia, wakaambiwa papo hapo kama wamepata au wamekosa. Usikivu wao uliongezeka. Mwaka 1997 Ann Bradlow na wenzake walionyesha kwamba baada ya mafunzo kama hayo hata matamshi huwa bora, ingawa wanafunzi hawakufundishwa kutamka.

Njia hii haihitaji mashine. Mwalimu aandike ubaoni "light" namba 1 na "right" namba 2, afunike mdomo kwa karatasi, kisha atamke neno moja. Wanafunzi waonyeshe kidole kimoja au viwili, naye aseme jibu. Baadaye nafasi yake ishikwe na wanafunzi wanaozimudu sauti hizo, ili darasa lisikie sauti za watu wengi. Dakika tano za kila kipindi zatosha kuanza. Ndipo zifuate sentensi, maswali na mazungumzo.

Wala lugha ya nyumbani isionwe kuwa adui. Kiswahili kina irabu 5; Kizanaki na Kikuria vina 7. Kijana wa Butiama anapokutana na "ship" na "sheep", amekwisha kujua kutoka kwao kwamba badiliko dogo la irabu huzaa neno jingine. Mwalimu Nyerere, ambaye lugha yake ya kwanza ilikuwa Kizanaki, aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Baadaye alitafsiri kwa Kiswahili tamthilia mbili za Shakespeare.

Kwa hiyo mwanafunzi akikosea sauti, asichekwe. Arudishiwe jozi ile ya maneno, asikilize tena.