Umbali na mhamo: Somo la fizikia katika njia ya misafara ya Tabora

RELI inayomtoa abiria Kigoma kwenda Mwanza haiendi moja kwa moja. Mwanza iko kaskazini-mashariki ya Kigoma, lakini njia humpeleka kwanza mashariki hadi Tabora, mwendo wa takriban kilomita 410, ndipo igeuke kuelekea kaskazini kupitia Shinyanga kwa takriban kilomita 380 nyingine. Abiria huyo atashuka Mwanza akiwa amesafiri karibu kilomita 790, ilhali anayepima kwa rula juu ya ramani ataona kwamba miji hiyo miwili imeachana kwa takriban kilomita 450 tu.

Je, namba ipi ni sahihi? Jibu la fizikia ni kwamba zote mbili ni sahihi, ila kila moja hujibu swali lake. Ya kwanza ni umbali, yaani urefu wote wa njia iliyopitwa pamoja na kona zake. Ya pili, ikitajwa pamoja na mwelekeo wa kaskazini-mashariki, ni mhamo, yaani kipimo cha mstari ulionyooka kutoka mahali safari ilipoanzia hadi mahali ilipoishia.

Tofauti hiyo hufundishwa mwanzoni kabisa mwa somo la fizikia, na huwatatiza wanafunzi wengi. Sababu mojawapo ni lugha. Katika mazungumzo ya kila siku, neno "umbali" hutumika kwa mambo yote mawili. Mtu akiuliza Kigoma iko mbali kiasi gani kutoka Tabora, hasemi kama anauliza juu ya njia au juu ya mstari wa ramani, na anayejibu hatakiwi kueleza. Mwanafunzi aliyesoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi huingia sekondari na kukutana na istilahi mbili za Kiingereza kwa jambo ambalo yeye amezoea kuliita kwa neno moja, hivyo huishia kukariri maana badala ya kuielewa.

Hata hivyo, historia ya Tabora yenyewe inatoa mifano ya kutosha. Katika karne ya 19 mji huo, uliojulikana kwa wageni kama Kazeh au Unyanyembe, ulikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika.

Mwaka 1857 Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka pwani, karibu na Bagamoyo, mwishoni mwa Juni, na kuingia Kazeh Novemba 7. Burton aliandika kwamba siku hiyo ilikuwa ya 134 tangu waondoke pwani, na kwamba walikuwa wametembea maili zisizopungua 600, sawa na kilomita 965 hivi. Kwa ramani za leo, mstari ulionyooka kutoka Bagamoyo hadi Tabora hauzidi sana kilomita 690, kuelekea magharibi na kidogo kaskazini.

Kilomita 275 za ziada hazikupotea bure. Msafara haukutembea kwa kufuata rula. Ulifuata visima vya maji, ulizunguka milima na mabwawa, na ulipita mahali ambapo chakula kiliweza kununuliwa na ambapo watawala wa njiani walikubali kupokea hongo, yaani ushuru wa kupita.

Tofauti hiyo huonekana pia katika hesabu ya mwendo. Ukigawa kilomita 965 kwa siku 134, unapata wastani wa kilomita 7.2 kwa siku. Hicho ndicho kipimo cha jinsi miguu ilivyofanya kazi. Ukigawa mhamo wa kilomita 690 kwa siku hizohizo, unapata kilomita 5.1 hivi kwa siku kuelekea magharibi. Hicho ni kipimo cha jinsi msafara ulivyoisogelea Tabora. Wanafizikia hutenganisha vipimo hivyo viwili kwa sababu cha pili hakikamiliki bila kutaja mwelekeo. Kipimo kisichohitaji mwelekeo, kama umbali, huitwa skala. Kinachouhitaji, kama mhamo, huitwa vekta.

Mfano wa wazi zaidi ni wa Henry Morton Stanley. Alipofika Tabora mwaka 1871 akimtafuta David Livingstone, alikuta njia ya moja kwa moja ya Ujiji imefungwa kwa vita baina ya Mtemi Mirambo wa Urambo na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora. Septemba 20 mwaka huo aliondoka Kwihara, nje kidogo ya mji, akashika njia ya kusini na kulizunguka eneo la vita, kisha akapanda kaskazini hadi Ujiji, ambako alimkuta Livingstone kabla ya mwaka kwisha.

Vita ya Mirambo iliongeza umbali wa safari hiyo, lakini haikubadili mhamo wake hata kwa hatua moja. Kwa njia ya mkato au ya mzunguko, aliyetoka Tabora na kufika Ujiji amehama takriban kilomita 350 kuelekea magharibi. Mhamo hauulizi mtu alipita wapi, bali huuliza alianzia wapi na ameishia wapi.

Februari 1872 Stanley na Livingstone walirejea pamoja Kwihara, katika tembe ambalo leo ni makumbusho. Kwa muda wa miezi mitano Stanley alikuwa amevuka mito, ameugua homa na kutembea mamia ya kilomita. Mhamo wake, kutoka Kwihara hadi Kwihara, ulikuwa sifuri.

Hapo ndipo wanafunzi wengi hujikwaa, kwa kudhani kwamba sifuri maana yake ni kutosafiri. La hasha. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba pembe za ndovu hadi pwani na kurudi nyumbani na vitambaa alikuwa na mhamo wa sifuri, lakini mabega yake yalibeba mzigo kwa umbali wote, kwenda na kurudi. Kwa upande mwingine, mateka aliyepitishwa njia hiyohiyo na kuuzwa Zanzibar hakurudi, na mhamo wake haukuwa sifuri tena.

Jambo jingine la kuzingatia ni namna ya kukokotoa. Mtu akitembea kilomita 3 mashariki, kisha kilomita 4 kaskazini, umbali wake ni kilomita 7, lakini mhamo ni kilomita 5, kwa kanuni ya Pythagoras ya pembetatu mraba. Kanuni hiyo hufaa pia kwa safari ya Kigoma na Mwanza, kwa kuwa Tabora iko karibu mashariki kabisa ya Kigoma, na Mwanza iko karibu kaskazini kabisa ya Tabora. Lakini lazima zitumike pande zilizonyooka, takriban kilomita 350 na 280, ambazo hutoa karibu 450. Anayeingiza urefu wa reli, 410 na 380, atapata karibu 560, na atakuwa amekosea, kwani reli ina kona na kanuni haizijui.

Kutokana na mifano hiyo, kanuni mbili zaweza kukumbukwa daima. Kwanza, mhamo hauwezi kuzidi umbali. Pili, viwili hivyo hulingana pale tu mtu anaposafiri kwa mstari ulionyooka bila kugeuka wala kurudi nyuma.

Kila kimoja kina kazi yake. Dereva anayenunua mafuta ya kutoka Tabora hadi Kigoma huhitaji umbali, kwa sababu gari huchoma mafuta katika kila kona. Rubani anayepanga kuruka baina ya miji hiyohiyo huhitaji kwanza mhamo, yaani kilomita ngapi na upande gani. Mwanafunzi naye, kabla ya kushika kalamu, hana budi kujiuliza kama swali linataka njia yote iliyopitwa, au linataka mwanzo na mwisho wake tu.