Daraja Juu ya Mpira: Msuli Upi Unabeba Mzigo?

Zoezi la daraja huanza kwa kulala chali, magoti yamekunjwa na nyayo zimekanyaga sakafu. Nyonga huinuliwa mpaka mabega, nyonga na magoti vikae kwenye mstari mmoja. Msuli mkubwa wa makalio ndio unaoinua, ukisaidiwa na misuli ya nyuma ya mapaja. Misuli ya mgongo huimarisha kiwiliwili, na ya tumbo hukizuia kiuno kisipinde kupita kiasi.

Zoezi hili hufanywa pia juu ya mpira mkubwa wa kujazwa upepo, uliotengenezwa Italia mwaka 1963 na Aquilino Cosani. Wataalamu wa tiba ya viungo nchini Uswisi waliutumia kwa wagonjwa wao, ndiyo maana wengi huuita mpira wa Uswisi.

Kazi ya misuli hupimwa kwa elektromiografia. Vipande vidogo vya elektrodi hubandikwa kwenye ngozi, vikanasa umeme unaotoka msulini. Kiasi hicho hulinganishwa na umeme wa msuli uleule unapokazwa kwa nguvu zote, kisha huandikwa kwa asilimia.

Kwa kipimo hicho, visigino vikiwekwa juu ya mpira na miguu ikinyooshwa, misuli ya nyuma ya mapaja hufanya kazi kubwa kuliko sakafuni. Sababu iko gotini: goti likikunjwa sana, misuli hiyo hufupika na kupungukiwa nguvu, makalio yakabaki na mzigo. Mguu ukinyooka, misuli hiyo hurefuka na kupata nguvu. Kisha mpira nao hutaka kubingirika, hivyo mapaja na misuli ya ubavuni hulazimika kuutuliza. Mpira ukivutwa kwa visigino kuelekea makalio, nyonga zikiwa bado juu, nyuma ya paja hukaza kiasi cha kutetemeka.

Mabega yakiwa juu ya mpira na nyayo chini, magoti hukunjwa, na makalio hurudia kubeba sehemu kubwa ya kazi.

Anayeanza huweka mpira chini ya mashavu ya miguu, karibu na magoti. Akishamudu, huusogeza kuelekea visigino. Kadiri unavyokwenda mbali na nyonga ndivyo mzigo wa misuli unavyoongezeka. Kuinua mguu mmoja ni hatua ya mwisho. Pumzi haizuiwi, na sakafu isiwe ya kuteleza. Maumivu ya kiuno yakitangulia uchovu wa makalio, mara nyingi nyonga zimepandishwa mno. Zishushwe kidogo, na tumbo libanwe.